UZI: Marekani 1828, kura ziliongezeka mara tatu. Nani hasa aliziongeza?

Hesabu Kwanza (#1)

Wakuu, kila mada ya historia ya Marekani ikimfikia Andrew Jackson, aliyeshinda urais 1828, lazima atokee mtu aandike: "Masharti ya mali yalifutwa, makabwela wakapata kura, wakamchagua mtu wao." Sentensi tamu. Tatizo ni kwamba ukiiweka kwenye mizani inapungua kilo kadhaa. Nafungua uzi huu tuipime kwa tarehe na tarakimu.

Mwaka 1824 kura za wananchi zilizohesabiwa nchi nzima zilikuwa kama 366,000. Mwaka 1828 zilifika karibu 1,148,000. Waliojitokeza, kati ya waliokuwa na haki, walipanda kutoka takriban asilimia 27 hadi zaidi ya 57. Jackson akapata karibu asilimia 56 ya kura hizo na wajumbe 178, yaani wale wateule wa majimbo ambao ndio humchagua rais. John Quincy Adams, aliyekuwa ikulu, akabaki na 83.

Sasa angalieni masharti ya mali yaliondoka lini. Vermont iliingia kwenye muungano 1791 bila sharti la mali. Kentucky 1792, vivyo hivyo. Maryland ililifuta mwanzoni mwa miaka ya 1800, South Carolina 1810. Indiana (1816), Illinois (1818) na Alabama (1819) zilizaliwa bila sharti hilo. Connecticut iliandika katiba mpya 1818, Massachusetts ikalegeza 1821, New York ikakaa mkutano wa katiba mwaka huohuo.

Mmeona? Karibu milango yote ilishafunguliwa kabla ya 1824. Kati ya 1824 na 1828 badiliko kubwa la sheria ya nani apige kura ni la New York 1826, walipoondoa sharti la kodi kwa wanaume weupe. Jimbo moja haliwezi kueleza nchi nzima kuruka mara tatu. Kwa hiyo swali la uzi: kama haki ilikuwepo 1824, kwa nini watu walibaki nyumbani, na nini kiliwatoa 1828?

Kibatari (#2)

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, umeacha shimo. Kama watu wa 1824 walikuwa na haki ya kupiga kura ya rais na hawakupiga, basi walikuwa wavivu tu? Au kura zao zilikwenda wapi?

Hesabu Kwanza (#3)

Wengine hawakuwa na kura ya rais kabisa, hata kama walikuwa na kura ya gavana na ya diwani. Hapa ndipo watu wengi wanateleza, wanachanganya haki mbili. Haki ya kwanza ni kuwa mpiga kura katika jimbo lako. Ya pili ni jimbo lako kukuachia wewe, badala ya bunge lake, uchague wajumbe watakaomchagua rais. Katiba ya Marekani inasema kila jimbo litateua wajumbe wake kwa namna itakayoamuliwa na bunge la jimbo. Bunge likiamua lijichagulie lenyewe, ni halali.

Mwaka 1824 majimbo 6 kati ya 24 yalifanya hivyo: New York, Georgia, Vermont, Louisiana, Delaware na South Carolina. Mwaka 1828 yalibaki mawili, Delaware na South Carolina. Yale manne yaliyohama yalileta nini 1828? New York karibu kura 271,000. Vermont kama 33,000. Georgia kama 20,000. Louisiana chini kidogo ya 9,000. Jumla ni kama 333,000.

Ongezeko la nchi nzima ni kama 782,000. Kwa hiyo zaidi ya asilimia 40 ya ule "mlipuko" ni majimbo manne ambayo 1824 yanasomeka sifuri kwenye jedwali. Hawakuwa wavivu, hawakuulizwa.

New York ni kisa cha pekee yake. Mwaka 1824 kulikuwa na kelele kubwa wananchi wapewe wajumbe. Kundi la mwanasiasa Martin Van Buren lililotawala Albany, makao makuu ya jimbo, lilimtaka William Crawford wa Georgia awe rais, na lilijua bungeni lina nafasi nzuri kuliko mitaani. Seneti ya jimbo ikaupiga chini muswada. Kisha aprili wakafanya kosa la kiburi: wakamwondoa DeWitt Clinton kwenye bodi ya mfereji wa Erie, mtu ambaye kila mtu alijua ndiye mhimili wa mradi ule. Hasira zikaunganika na madai ya kura, na novemba Clinton akachaguliwa gavana kwa kishindo. Bunge lenyewe likagawanyika na wajumbe wakatoka Adams 26, Crawford 5, Henry Clay 4, Jackson 1. Mwaka uliofuata wananchi wakaulizwa wanataka wajumbe wapatikane vipi, wakachagua kwa wilaya.

Wakili wa Zamani (#4)

Hesabu Kwanza ameanza vizuri, lakini neno "sharti la mali" linatumika kama koti moja la kumvisha kila mtu. Tofauti zilikuwa kubwa, na ndizo zinazoonyesha nani alibaki nje.

Virginia ilidai ardhi ya miliki: ekari 50 zisizoendelezwa, au ekari 25 zenye nyumba, au kiwanja mjini. Mpangaji tajiri wa Richmond hakuwa na kura, mwenye shamba la mawe lenye kibanda alikuwa nayo. Sharti hilo lilipita salama mkutano wa katiba wa 1829 na 1830 likiwa limelegezwa tu, likafa 1851. Rhode Island ilidai ardhi ya dola 134 na ikang'ang'ana hadi yale maasi ya Thomas Dorr ya 1841 na 1842. North Carolina ilikuwa na ngazi mbili: mlipakodi alipiga kura ya baraza la chini, lakini kura ya seneti ya jimbo ilitaka ekari 50.

New York kabla ya 1821 nayo ilikuwa na ngazi. Kura ya gavana na seneta wa jimbo ilitaka ardhi ya pauni 100 ukishatoa madeni. Kura ya mjumbe wa baraza la chini ilitaka ardhi ya pauni 20 au upangaji wa shilingi 40 kwa mwaka. Mkutano wa Albany ukaivunja ngazi hiyo. Jaji James Kent alisimama kupinga, hoja yake kwamba mwenye ardhi akipoteza seneti atakuwa chini ya huruma ya wasio nayo mijini. Akashindwa. Lakini msidhani walioshinda walitaka kura ya kila mtu. Van Buren mwenyewe alikaa katikati: mwanamume mweupe wa miaka 21 awe amekaa jimboni mwaka mmoja na kwenye kaunti miezi sita, na awe amelipa kodi au ametumikia wanamgambo. Asiye na hayo aliweza kupita kwa kufanya kazi ya barabara, ila huyo alidaiwa ukaazi wa miaka mitatu. Ndiyo maana marekebisho ya 1826 yalihitajika.

Kwa hiyo, mkuu, nakubaliana nawe nusu. Bila 1821 zile kura 271,000 za New York zisingekuwa 271,000, hata bunge lingeachia wajumbe. Sheria ya haki na sheria ya wajumbe zilizidishana, haikuwa moja dhidi ya nyingine.

Hesabu Kwanza (#5)

Hapo umenibana, nakubali. Ngoja nitenganishe kwa jimbo ambalo sheria zote mbili hazikubadilika. Pennsylvania: mlipakodi alikuwa na kura tangu katiba ya 1790, na wajumbe walichaguliwa na wananchi miaka yote miwili. 1824 kura 47,000. 1828 kura 152,000. Ohio, vilevile: 50,000 ikawa 131,000. New Hampshire kutoka kama 10,000 hadi kama 45,000. Virginia yenye sharti gumu la ardhi nayo ilitoka kama 15,000 hadi 39,000! Hao wa Virginia ni walewale wenye mashamba, hakuna aliyeongezwa.

Sababu ya majimbo haya ni ushindani. Pennsylvania 1824 Jackson alichukua robo tatu ya kura, nani angetembea maili 10 kwenye matope kwenda kuthibitisha jambo linalojulikana? New Hampshire ilikuwa ya Adams bila mpinzani. 1828 wagombea walibaki wawili na kila upande ulikuwa na watu wa kugonga milango.

BintiPwani (#6)

Kaka zangu, mnapima mlango uliofunguliwa bila kutaja uliofungwa, na mara nyingi ilikuwa bawaba ileile.

Mkutano wa Albany ulioondoa pauni 100 kwa weupe uliweka sharti jipya kwa wanaume weusi huru: ardhi ya dola 250 bila deni, uraia wa jimbo miaka mitatu, na kodi iliyolipwa. Kabla ya hapo, kwenye karatasi, mweusi huru mwenye mali alikuwa sawa na mweupe mwenye mali. Mwaka 1826 sharti la kodi likafutwa kwa weupe, zile dola 250 zikabaki palepale. Connecticut 1818, katiba iliyofuta ardhi ndiyo iliyoandika neno "mweupe". Maryland vilevile: sheria iliyofuta sharti la mali iliwafuta na weusi. Ohio iliwaacha nje tangu katiba yake ya 1802.

New Jersey ndiyo inayouma zaidi. Katiba yake ya 1776 iliandika "wakazi wote" wenye mali ya pauni 50, na kwa neno hilo wanawake wasio na waume (mwenye mume hakuwa na mali kisheria) na weusi huru walipiga kura kwa miaka. Mwaka 1807 bunge likapitisha sheria: mwanamume, mweupe, raia, mlipakodi. Sharti la mali likalegea, na wanawake na weusi wakatoka kwa kalamu moja.

Msije mkadhani ramani ilikuwa kusini mbaya, kaskazini nzuri. Mwaka 1828 mweusi huru aliweza kupiga kura Tennessee, nyumbani kwa Jackson, na North Carolina. Walinyang'anywa 1834 na 1835. Pennsylvania iliwanyang'anya 1838. Maine, jimbo lililozaliwa 1820, haikuwatoa kabisa.

Kwa hiyo mkisema "kura kwa wote", ongezeni "wanaume weupe" kila mara hata kama inachosha mkono.

Kibatari (#7)

Dada umeniwahi, nilikuwa nauliza hilohilo. Sasa swali la fundi: siku yenyewe ya kura ilikuwaje? Karatasi ilitoka serikalini? Na walipiga siku moja nchi nzima?

Mpiga Chapa (#8)

Serikali haikutoa karatasi. Hicho ndicho kiungo watu wengi hawakijui, na bila hicho huelewi kwa nini magazeti yalikuwa na nguvu.

Kwanza siku. Sheria ya 1792 ilisema wajumbe wateuliwe ndani ya siku 34 kabla ya jumatano ya kwanza ya desemba. Kila jimbo lilichagua siku yake ndani ya dirisha hilo, na mengine yalichukua zaidi ya siku moja. Jumatano hiyo mwaka 1828 iliangukia desemba 3, kwa hiyo kura zilianza mwisho wa oktoba na kuendelea novemba. Siku moja kwa nchi nzima ililetwa na sheria ya 1845. Matokeo ya jimbo lililotangulia yalikuwa yanasafiri kwa farasi na mashua kwenda kwa ambao hawajapiga.

Pili namna ya kupiga. Virginia na Kentucky walipiga kwa mdomo: unasimama mbele ya meza, unataja, karani anaandika jina lako na chaguo lako. Mwenye shamba uliyempangia, mwenye duka anayekudai, wote wanasikia. Kwingine kulikuwa na karatasi, lakini karatasi unakuja nayo mwenyewe. Na humwandiki Jackson. Unaandika majina ya wajumbe wote wa upande wako.

Piga picha Pennsylvania yenye wajumbe 28 wanaochaguliwa jimbo zima. Mkulima aandike majina 28 bila kukosea herufi? Ukikosea, karani wa upande wa pili ana sababu ya kubisha. Ukisahau matano, wajumbe watano wa mgombea wako wamekosa kura yako. Dawa ilikuwa karatasi iliyochapwa. Mhariri wa gazeti la upande wako anachapa orodha nzima, unaikata gazetini au unapewa na mpambe nje ya kituo, unaikunja, unaitumbukiza. Msomi na asiyejua kusoma wakawa sawa mbele ya sanduku. Ukiniuliza mimi, kipande hicho cha karatasi kilipanua kura kuliko vifungu kadhaa vya katiba.

Lakini kila dawa ina madhara yake. Karatasi ya chama inajulikana kwa ukubwa, kwa herufi, baadaye hata kwa rangi, kwa hiyo siri haipo. Mchapaji wa upande wa pili anaweza kuchapa orodha inayofanana na yako huku amechomeka majina mawili ya kwake. Tena kulikuwa na swali la kisheria: katiba ya Massachusetts ilisema kura "iliyoandikwa". Je, iliyochapwa imeandikwa? David Henshaw, mtu wa Jackson pale Boston, alikataliwa karatasi yake ya chapa mwaka 1829 kwenye uchaguzi wa wawakilishi wa jimbo, akaenda mahakamani, na mahakama kuu ya jimbo ikamuunga mkono: chapa ni maandishi. Uchaguzi wa Boston ulikuwa na majina zaidi ya 50 kwenye karatasi moja, kwa hiyo mwelewe kwa nini hakutaka kuandika kwa mkono.

Majimbo mengi hayakuwa na daftari la kudumu. Ukipingwa kituoni, unaapa. Basi.

Kibatari (#9)

Kumbe mwenye mtambo wa chapa ndiye mwenye tawi la chama. Na pesa? Takrima ilikuwepo?

Wakili wa Zamani (#10)

Takrima ilikuwa wazi kabisa: nyama za kuchoma, wiski, miti ya hickory inasimikwa kwenye viwanja vya vijiji kwa sababu jina la utani la Jackson lilikuwa Hickory Mzee, mti mgumu usiopindika. Vilabu vya Hickory vilifunguliwa miji kwa miji. Lakini nyama bila orodha haileti kura, na walichozidiwa watu wa Adams ni orodha.

Muundo ulianzia kwenye kinyongo. 1824 wagombea wanne, wote wanajiita Warepublikani wa Jefferson. Ule utaratibu wa zamani wa wabunge kukaa na kumteua mgombea ulikuwa umeoza: februari 1824 wabunge 66 tu walihudhuria, wakamteua Crawford. Matokeo: Jackson wajumbe 99, Adams 84, Crawford 41, Clay 37. Zilihitajika 131. Marekebisho ya 12 ya Katiba yanapeleka watatu wa juu kwenye Bunge la Wawakilishi, na huko kila jimbo lina kura moja. New York iliyokuwa na wawakilishi 34 ilikuwa na moja, Illinois iliyokuwa na mmoja nayo moja. Clay, wa nne, akatolewa, lakini yeye ndiye spika. Februari 9, 1825 Adams akapata majimbo 13, Jackson 7, Crawford 4, mzunguko wa kwanza tu. Siku chache baadaye Adams akamteua Clay Waziri wa Mambo ya Nje.

Kentucky ndiyo iliyowatia watu uchungu. Wananchi wake walimpigia Clay kisha Jackson, Adams hakupata kitu cha kutaja. Bunge la jimbo likawaagiza wawakilishi wamchague Jackson. Wakapiga 8 kwa 4, kwa Adams. Hapo neno "dili chafu" lilikuwa na jimbo la kutolea mfano kwa miaka mitatu mfululizo. Kama kulikuwa na ahadi ya wazi kati ya Adams na Clay, hakuna aliyeithibitisha, na wawili hao walikuwa na sababu za kisera za kukubaliana. Lakini kwenye siasa harufu inatosha.

Oktoba 1825 bunge la Tennessee likamteua Jackson kwa ajili ya 1828. Nashville kukawa na kamati ya kujibu mashambulizi, watu kama John Overton ndani yake. Washington, Duff Green akachukua gazeti la United States' Telegraph. Amos Kendall alikuwa Frankfort, Kentucky, na Argus of Western America. Isaac Hill alikuwa Concord na New Hampshire Patriot. Sheria ya posta iliruhusu wahariri kubadilishana magazeti bure, na wabunge walikuwa na haki ya kutuma barua bila kulipia. Kwa hiyo makala iliyochapwa Washington jumatatu inafungwa kwa sahihi ya mbunge, inafika Concord na Frankfort, inachapwa tena, bila senti ya posta. Januari 1827 Van Buren, ambaye sasa amehama kutoka kwa Crawford, alimwandikia Thomas Ritchie wa Richmond kupendekeza muungano wa wakulima wakubwa wa kusini na Warepublikani wa kawaida wa kaskazini. Alikuwa anajenga kitu cha kudumu kuliko mgombea.

Adams upande wake? Alikataa kuwafukuza maofisa waliokuwa wakimpiga vita hadharani, akiwemo mkuu wa posta John McLean. Mwaka 1825 kwenye hotuba yake ya kwanza kwa Bunge aliwataka wabunge wasipoozwe na matakwa ya wapiga kura wao. Mwaka ambao wapiga kura wanaongezeka, rais anasema hivyo! Wapambe wa Jackson hawakuhitaji kutunga.

BintiPwani (#11)

Na wa Adams hawakuwa malaika. John Binns wa Philadelphia alichapa mabango yenye majeneza sita meusi, ya wanamgambo waliouawa 1815 kwa idhini ya Jackson. Charles Hammond wa Cincinnati akaichimba ndoa ya Rachel Jackson, kwamba aliolewa na Jackson kabla talaka ya kwanza haijakamilika. Rachel alifariki desemba 22, 1828, mumewe ameshashinda lakini hajaapishwa. Bango la majeneza ni mfano mzuri wa mabadiliko: limebuniwa lieleweke na mtu asiyesoma makala. Kampeni ya wenye ekari 50 haikuhitaji picha.

Mjukuu wa Chalinze (#12)

Naingia kwa mlango wa nyuma kidogo. Hao watu wa New Hampshire mliowataja wana mkia unaofika kwetu. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth aliyekuwa amefanya biashara Zanzibar, alikuwa na rafiki aitwaye Levi Woodbury, seneta wa New Hampshire wa upande wa Jackson, ambaye 1831 akawa Waziri wa Jeshi la Majini. Kwa mkono wake Roberts akatumwa na serikali ya Jackson, na septemba 21, 1833 akasaini mkataba na Seyyid Said kule Muscat. Mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, akawa yuko Unguja. Kitambaa cha merikani kilijaa pwani kwa njia hiyo. Samahanini, rudini kwenye kura.

Kibatari (#13)

Hujakosea mlango. Sasa nirudi kwa BintiPwani: watumwa hawakupiga kura, lakini si walihesabiwa?

BintiPwani (#14)

Walihesabiwa tatu ya tano. Viti vya Bunge vya jimbo viligawiwa kwa idadi ya watu huru ukiongeza tatu ya tano ya watumwa, na wajumbe wa jimbo ni viti hivyo ukiongeza maseneta wawili. Linganisheni 1828. Ohio: kura 131,000, wajumbe 16, yaani kama kura 8,200 kwa mjumbe mmoja. Virginia: kura 39,000, wajumbe 24, yaani kama kura 1,600 kwa mjumbe. Sharti la ardhi linapunguza wapigaji, watumwa wanaongeza wajumbe, na mwenye shamba wa Virginia anakuwa mzito mara tano ya mkulima wa Ohio.

Hiyo ndiyo hila ya mfumo: jimbo halikupata adhabu yoyote kwa kuwazuia watu wake. Ukifungua kura kwa wote au ukiwaachia wachache, wajumbe wako ni walewale. Rhode Island ilikuwa na watu kama 97,000 na ikapiga kura zisizofika 3,600. Wajumbe wake wanne hawakupungua.

Hesabu Kwanza (#15)

Hoja hiyo inaingia moja kwa moja kwenye msimamo wangu, dada. Kama kufungua kura hakumpi jimbo mjumbe wa ziada, basi msukumo haukutoka kwenye hesabu ya urais. Ulitoka ndani ya majimbo: majimbo mapya ya magharibi yanayotaka wahamiaji, wanamgambo waliopigana vita vya 1812 bila kura, vyama vya ndani vinavyotafuta wapigaji wapya. Urais ulikuja kuvuna shamba lililolimwa na wengine. Jackson hakupanua kura, alikuta imepanuliwa na akawa mgombea wa kwanza kuwa na mtambo wa kuivuna.

Wakili wa Zamani (#16)

"Wa kwanza" ni neno kubwa. Vyama vya Federalisti na Republikani vya miaka ya 1800 navyo vilikuwa na kamati na magazeti, na kwenye uchaguzi wa magavana baadhi ya majimbo yalikuwa yanatoa asilimia kubwa ya wapiga kura kuliko 1828. Sema wa kwanza kuuelekeza mtambo huo kwenye urais kwa nchi karibu nzima.

Hesabu Kwanza (#17)

Nimesahihishwa. Chukueni maneno ya Wakili.

Kibatari (#18)

La mwisho nilale. Asilimia 56 kwa 44, wajumbe 178 kwa 83. Adams alikuwa na njia yoyote ya kushinda, au ilikwisha mapema?

Hesabu Kwanza (#19)

Njia ilikuwepo, nyembamba. Alihitaji wajumbe 48 zaidi. Karibu Kusini yote na Pennsylvania sahau, pengo la Pennsylvania lilikuwa kura 50,000. Angalia yaliyokaribiana. Ohio, wajumbe 16, alishindwa kwa kama kura 4,200. Louisiana, 5, kwa kama 500. Indiana, 5, kwa kama 5,200. Kentucky, 14, kwa kama 7,800. Wakigeuka watu karibu 9,000 waliogawanyika kwa kadiri ya pengo la kila jimbo kati ya hayo manne, Adams anaongeza 40 na kufika 123.

Zimebaki 8, na hizo ziko New York. Kule wajumbe 34 walichaguliwa kwa wilaya, na hao 34 wakakaa kuchagua wawili wa ziada. Jackson alipata 18 kwa 16, kwa hiyo na wale wawili wakawa wake, jumla 20 kwa 16. Viti sita vya wilaya vikigeuka, Adams ana 22, na wawili wa ziada wanamfuata: 24. Ongezeko ni 8. Jumla 131, kamili, hakuna hata mmoja wa akiba.

Na kama New York ingekuwa bado inachaguliwa na bunge kama 1824, kundi la Van Buren lililokuwa limeshika Albany lingempa Jackson zote 36 bila kumuuliza mtu. Wale 16 Adams aliwapata kwa sababu wananchi walipewa wilaya.

Kibatari (#20)

Kumbe hata aliyeshindwa alikula kwenye meza hiyohiyo. Usiku mwema wakuu.